Kutu na Masizi

"Hii ndiyo ile uliikata," baba akasema.

Alikuwa ameipakata juu ya blanketi, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kushika mtoto wa wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha nikingoja sifa. Nasema kweli, sifa ndizo nilizokuwa nikingoja. Dada yangu Rachael alikuwa ndio kwanza anaingia na kikombe cha uji. Akasimama katikati ya chumba, akanitazama mimi, akamtazama baba, kisha akainamisha macho kwenye uji wake.

Kitu chenyewe kilikuwa mfano wa kichwa cha treni ya moshi, urefu wake tangu kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nilikuwa nimekiunda kwa mabati ya makopo ya mafuta ya kupikia na vipande vya bomba la plastiki, kwenye karakana yangu mjini Kakamega, kila siku baada ya kazi. Kilinichukua miezi miwili, na mwezi mzima wa pili sikuutumia kukiunda bali kukichakaza.

Kazi yangu ni rangi za magari. Mtu huniletea gari lililokwaruzwa, nami hulirudisha likang'aa hadi mwenyewe akajitazama ubavuni mwake. Kuchakaza ni kinyume cha hayo yote, na nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama wazee wa Kizungu waliostaafu wakitengeneza treni ndogo mezani mwao. Unapaka rangi ya kahawia, unanyunyiza chembe za chumvi juu yake ingali mbichi, unapuliza nyeusi, kisha unaikwangua chumvi kwa mswaki. Panapotoka chumvi panabaki kidonda. Kutu yenyewe niliipika kwa kulowesha steelwool, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwenye siki hadi ikaoza, nikaitia vidondani tone kwa tone. Kwenye tangi la nyuma nikarundika makaa niliyoyaponda kwa nyundo. Nilipomaliza, vijana wa karakana ya jirani walikuja kuigusa wakidhani ni chuma kilichofukuliwa ardhini. Nilivimba kichwa, usiseme.

Ubavuni niliandika namba yake, thelathini na saba.

Thelathini na Saba ilikuwa ya baba. Ilikuwa ya serikali kwenye makaratasi, lakini miaka tisa aliyokuwa fayamani, mtu wa kuulisha moto, baina ya Kisumu na Butere, aliihesabu kuwa yake. Treni za moshi zilipoondolewa, waliisukuma kwenye reli ya pembeni pale Butere wakaiacha huko, naye akahamishiwa kazi za stesheni mpaka akastaafu. Sisi watoto hatukuwahi kuiona ikitembea. Tuliikuta imekwisha kufa, nyasi zimeota katikati ya magurudumu, kuku wa watu wakitagia chini yake. Jumapili baada ya kanisa baba alikuwa akitupeleka pale, anapanda, anaongea. Alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani, lakini juu ya mashine ile alikuwa na hadithi za kututosha hadi njaa itukumbushe kurudi.

Mwaka wa 2003 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kuchomelea mkononi na kazi hamna. Akaja mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu na karatasi zake zote halali, akitafuta mtu anayejua kukata kwa gesi. Wakati huo baba alikuwa Musanda kwenye matanga ya shemeji yake, na nilijua hatarudi kabla ya siku nne. Nilijua, na ndiyo maana nilikubali haraka. Hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha. Katika siku tatu Thelathini na Saba ilikuwa vipande ndani ya lori, na siku ya nne lori likaondoka.

Baba aliporudi alipitia stesheni kwanza, begi lake bado mkononi. Alikuta udongo mweusi na nyasi zilizoungua. Akaja nyumbani, akanawa mikono, akamuuliza mama kama mbuzi wamenyweshwa. Basi. Laiti angenitukana! Laiti angechukua fimbo, mimi mtu mzima, ningepiga magoti nikapigwa. Badala yake maisha yaliendelea. Alikuja harusini kwangu, alimbeba binti yangu Cindy siku ya ubatizo, tuliongea mvua na mahindi na bei ya miwa. Lakini habari za treni hakunitajia tena hata neno moja. Alinifungia mlango mmoja tu, na huo ndio uliokuwa mlango wake.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, daktari alitwambia ni saratani ya njia ya chakula na kwamba tujiandae. Rachael akahamia Butere kumtunza. Mimi nikawa nashinda karakana nikiwaza jambo moja. Sikutaka shamba wala baraka za kuwekewa mkono kichwani. Nilitaka kabla hajaondoka anizungumzie ile injini, kama zamani, ili nijue amenisamehe. Ndipo nikaanza kukata makopo.

Sasa alikuwa amenizungumzia. Ilikuwa sentensi ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja.

"Nimejaribu kuifanya ionekane ya ukweli, Baba," nikasema.

"Ni ya ukweli." Aliinyanyua karibu na jicho lake la kulia, lile lililokuwa bado linaona vizuri. "Lakini hii imekufa. Kutu ni ya kitu kimekufa, Joash. Injini ikiwa kazini inakuwanga chafu, lakini si kutu. Inakuwanga na masizi, na mafuta, na chokaa ya maji. Huo ni uchafu wa kazi. Wewe umeniletea maiti."

Rachael akasema, "Baba, kunywa uji."

"Ngoja. Na hii nyeusi huku nyuma ni nini?"

"Makaa."

"Makaa ya nini?"

"Ya moto, Baba. Ya kuchoma."

"Nani alikuambia tulikuwanga tunachoma makaa? Thelathini na Saba ilikunywanga mafuta mazito. Haya makaa ni ya hao Wazungu wa simu yako."

Rachael alicheka kwanza, akaziba mdomo. Baba mwenyewe akatoa kitu kilichokaribia kicheko, kikamgeukia kikohozi. Mimi nilikuwa natazama zile kutu nilizojivunia. Nilikuwa nimeichora injini kama nilivyoijua, na mimi niliijua vizuri siku zile tatu za kuikata tu, nikiwa na miwani ya kuchomelea usoni. Mwezi mzima nilikaa nikikumbuka kila kidonda chake, nikampelekea baba yangu picha ya kosa langu, tena nikisubiri asifie.

"Nitairudia," nikasema.

"Irudie hapa," akajibu. "Nikikuona."

Nikafunga karakana. Nyuma ya jikoni niliiosha kwa thina, dawa ya kuyeyusha rangi, hadi ikabaki bati tupu, nikaipaka nyeusi, kisha nikahamia chumbani kwake na brashi zangu na visahani vya unga wa rangi, nikaketi sakafuni karibu na kitanda. Alinifundisha alivyofundishwa yeye.

"Masizi hayapakwi," alisema nilipoanza. "Yanashukanga. Yapige kutoka juu, yajikalie yenyewe."

Nikawa nayagonga kutoka kwenye brashi, yakitua mgongoni mwa injini kidogo kidogo. Aliniambia kwamba kabla ya mlima alikuwa anachota mchanga kwa sepetu na kuutupia motoni, ukavutwa na ule upepo wa ndani ukasugua mabomba, na juu ukatoka moshi mweusi tititi. Akina mama walioanika nguo karibu na stesheni ya Luanda waliwatukana mpaka matusi yakawaishia. Aliniambia chokaa ya maji inaacha michirizi myeupe chini ya kila mahali panapovuja, kama mate ya mtoto aliyelala, na kwamba vumbi jekundu halipandi juu ya goti la gurudumu, pale katikati yake, hata kiangazi kiwe kikali namna gani. Msimu wa kuchoma miwa majivu yake marefu yalitua juu ya mashine yakanata kwenye mafuta, na dereva wake, Mzee Barnaba, alikuwa anayatoa moja moja kwa kucha kwa sababu hakuyapenda.

Nilikuwa na furaha. Naona aibu kuisema, maana baba yangu alikuwa anakufa kwa njaa mbele ya macho yangu, uji wenyewe unapita kijiko kimoja na kurudi viwili. Lakini nilikuwa na furaha. Asubuhi niliamka kabla ya Rachael nikamsikiliza kama bado anapumua, na nikisikia anapumua, wazo langu la pili lilikuwa kwamba leo tutafanya magurudumu.

Sehemu moja tu alikuwa akiiruka. Kila nilipofika kwenye kile kibanda cha nyuma, wanamokaa dereva na mtu wa moto, aliinua kidole.

"Hapo bado."

Nikarudi mbele, nikarudi chini, nikaongeza grisi pale nilipokwisha kuitia. Sauti yake ilikuwa inapungua. Wiki ya pili akawa ananong'ona, na mimi nikawa naweka sikio karibu na mdomo wake ili nisikose kitu.

"Baba Cindy, usimchoshe mzee," Rachael aliniambia mlangoni, kwa hasira. Alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyekuwa anafua mashuka. Lakini baba alimpungia mkono atuache, naye akatuacha.

Ijumaa alasiri hapakuwa na mahali pengine pa kutia uchafu. Mashine nzima ilikuwa imechafuka vizuri, ukiitazama unadhani imeingia stesheni sasa hivi na bado ina joto, ila kibanda peke yake kilikuwa kinang'aa. Nilichovya brashi nikangoja.

"Hapa sasa, Baba?"

Hakuinua kidole. Akaniashiria nisogee.

"Siku ile," akanong'ona. "Ulianzia wapi?"

Sikujifanya sielewi. Nilianzia ndani ya kibanda. Shaba yote ilikuwa huko, mabomba na vipimo na mikono ya vali, na tajiri wangu, yule wa vyuma vikuukuu, alitaka itoke kwanza kabla wezi hawajaiwahi. Upande wa kushoto palikuwa na kiti cha mbao kilichobonyea katikati kwa kukaliwa, na niliona wazi kwamba kilikuwa kinanizuia kufikia mabomba. Nilijua ni cha nani. Sikutafuta bisibisi wala spana. Niliwasha gesi nikakata vyuma vilivyokishika, mbao zikashika moto, na miaka ya mafuta iliyokuwa imezama ndani yake ikatoa moshi mzito ulionifanya nitoke nje kukohoa. Kilipokwisha kuungua nilirudi ndani nikaendelea na kazi. Hilo sikumwambia mke wangu, wala Rachael, wala mchungaji.

"Mbele, Baba," nikasema. "Kwenye bomba la moshi. Ndani ilikuwa mwisho kabisa."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kuondoka taratibu, lakini mkono wake ulinishika kifundo cha mkono, nao ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia.

"Miaka hii yote," akasema, akipumzika baada ya kila maneno machache, "nilidhani ulianza pale nilikuwanga nakaa. Sijui kwa nini nilidhani hivyo. Hakuna mtu aliniambia. Nilikuwanga nakuona ukiingia hapa na mke wako, na watoto, na moyo wangu unasema, huyu ndiye alianza pale."

"Baba, pumzika."

"Wacha nimalize. Nimekudhania vibaya, mwanangu, na wewe ni damu yangu. Nimekukosea. Unisamehe."

Nje Rachael alikuwa anaita kuku wake. Nilikuwa na wakati wa kutosha kusema ukweli, sitadanganya kwamba sikuwa nao. Alikuwa amebakiwa na siku nne, na hata kama ningejua hesabu hiyo nadhani ningefanya vilevile. Nilikuwa nimekuja kutafuta msamaha, na sasa nilikuwa nimeombwa mimi.

Alinikazia lile jicho lake moja, akingoja, maana tangu tukiwa wadogo alitufundisha kwamba mtu akiomba msamaha ni lazima ajibiwe.

Nikamjibu kwamba nimemsamehe, na sauti yangu haikutetemeka.