Milamula Sita

"Mama, hapa zamani palikuwa nini?"

Kokugonza hakuinua kichwa. Alikuwa akikoroga sufuria kubwa ya kahawa mbichi, mvuke wenye harufu ya mujaja, majani ya kunukishia, ukimpiga usoni. Mwenye swali alikuwa amesimama ng'ambo ya milamula, ile miti ya mpakani, daftari mkononi, viatu vyake vya ngozi vikizama taratibu kwenye tope la ukingo wa mto Kanoni.

"Palikuwa hapa hapa," alijibu.

Kijana akacheka. Kokugonza hakucheka. Mtu aliyevaa viatu vya namna ile hateremki mtoni kwa ajili ya kucheka.

Kijana alijitambulisha. Aliitwa Hafidhi, mtoto wa mjini, wa Bilele, na alikuwa akikusanya historia: jinsi mji ulivyokua kando ya mto, viwanda vilivyokuja na vilivyokufa, mpaka hoteli hizi za kupumzikia zinazoota sasa kila ukingo.

"Nani kakutuma?"

"Hoteli ile pale," alisema Hafidhi, akaonyesha kwa kalamu ng'ambo ya mto. "Wanataka maandishi na picha za kutundika ukumbini, wageni wasome."

Kokugonza akafunika sufuria. Chini, karibu na mguu wake, kilikuwapo kikapu kidogo cha kahawa zilizokwisha kukauka, akamwani ya kutafuna, tayari kwa mgeni. Huku Nyanga hata anayekuja kukushitaki hupewa punje ya kahawa kwanza. Mwenye nyumba huanza yeye, atafune, mgeni aone kwamba hakuna sumu, ndipo mgeni naye achukue. Siku ile Kokugonza alikisukuma kikapu kwa kisigino mpaka kikaingia nyuma ya kuni. Kijana alikiona. Alisema tu kwamba atarudi.

Ukweli ni kwamba Kokugonza angeweza kumpa historia ya kujaza madaftari matatu. Alizaliwa mto ule ukinuka kahawa. Kiwanda cha kukoboa kilinguruma usiku na mchana, maganda yakirundikwa mpaka yanageuka kilima, na watoto wakiteleza juu yake wakirudi nyumbani weusi kama masizi. Kiwanda kikachoka, mashine zikauzwa kwa kilo. Kikaja cha samaki, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya na wenyeji wakabaki na mapanki, vichwa na mifupa, na kwa miaka ile hakuna aliyefua nguo mtoni akabaki na hamu ya kula. Nacho kikaondoka. Sasa ilikuwa zamu ya hoteli: vibanda vya nyasi vyenye taa za rangi, bwawa la kuogelea mita thelathini kutoka kwenye mto wenye maji ya bure, na watu wa Mwanza waliolala kwenye viti virefu wakisema kumetulia. Kila aliyekuja alikuja na ahadi, na kila aliyekuja alisogeza uzio.

Ndiyo maana aliogopa historia. Historia ya pale ilikuwa ndiyo hati yake, na haikuandikwa popote.

Baba yake, Rugemalira, alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda cha kahawa. Meneja wake, Mgoa mmoja mwenye kofia pana, alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja, alimwita akamwonyesha kipande kati ya uzio na mto. Chukua, alimwambia, umenilindia miaka kumi na miwili. Wakapanda milamula sita kuanzia njiani mpaka kwenye jiwe kubwa, wakakaa chini, wakatafuna kahawa kutoka kikapu kimoja. Baba yake alikuwa akisema kwamba watu wakishatafuna pamoja juu ya jambo, atakayeligeuka aibu yake haina pa kujificha. Karatasi hakuna aliyeitaja. Je, meneja alikuwa na mamlaka ya kugawa ardhi ya kiwanda? Swali hilo Kokugonza hakuwahi kumwuliza mtu, maana alilihofia jibu lake. Kwenye kipande hicho alikuwa amewazika baba na mama, na kutoka kwenye mibuni yake ishirini na mitatu alikuwa amemsomesha binti yake, Edvina, ambaye sasa alikuwa mwalimu kule Nshamba.

Jioni ile ile Siti alivuka daraja na beseni lake tupu kichwani. Siti aliwauzia mafundi wa hoteli chapati na chai, na kila alichokipika alikiuza, na kila alichokisikia alikigawa bure.

"Mama Edvina, yule kijana unamjua?"

"Simjui na sitaki kumjua."

"Mjukuu wa karani Omary, yule wa kiwandani. Na jana kanywa chai meza moja na mwenye hoteli. Nimewamiminia mimi mwenyewe." Siti akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Wanasema walinunua kiwanda na vyote vilivyokuwa ndani ya mipaka yake. Alhamisi ijayo mpima ardhi anakuja. Mwenyekiti wa mtaa, Anatory, naye kaitwa."

Karani Omary. Kokugonza alimkumbuka vizuri: mtu wa Tanga, kanzu safi, kalamu sikioni, aliyemwandika baba yake kachelewa siku moja tu aliyochelewa katika miaka yote ile. Ukoo wa kuandika watu, alijisemea. Usingizi ulimpita.

Asubuhi, umande ukiwa bado majanini, alichukua panga akakata vipande vitatu vya mlamula. Katika ile sita ya baba yake, miwili ilikuwa imeondoka na mafuriko. Kwenye mapengo yake alipanda kipande kimoja kimoja, na hapo hapakuwa na ubaya wowote. Kisha akasimama na kipande cha tatu mkononi, akitazama jiwe, na ng'ambo ya jiwe ule ulimi wa ardhi nyeusi ulioshuka mpaka majini, ambao haukuwahi kuwa wa baba yake. Akavuka jiwe hatua saba. Akachimba, akapanda, akakanyaga udongo kwa unyayo. Kama wanakuja kuchukua, alijiambia, watakuta na mimi nimechukua kidogo. Aliona haya, lakini haya yenyewe haikumfanya aking'oe.

Hafidhi aliporudi alimkuta amebadilika. Alikuwa na maneno tele.

"Andika," alimwambia. "Kiwanda hakikufika huku. Hiki ni kibanja cha babu yangu, tangu enzi za wafalme. Uzio ulikomea kule juu, kwenye mivinje."

"Babu amezikwa hapa?"

"Hapa hapa."

Babu yake alizikwa Kimwani, na Nyanga nzima ilijua. Lakini kijana aliandika, polepole, kila neno, akamsomea tena na kumwuliza kama ndivyo. Ndivyo, alisema Kokugonza. Kisha Hafidhi akapita kwenye mstari wa milamula akipiga picha kwa simu. Kwenye ile minne ya zamani, minene kama paja, alikaa muda. Kwenye vipande vipya aliinama, akagusa udongo kwa kidole. Alipofika chini ya jiwe alisimama kimya, akapiga picha moja, akaaga.

Kimya kile kilimsumbua Kokugonza siku nne. Angeuliza, angemjibu. Angebisha, angemfukuza. Mtu anayeona na kunyamaza unamfanya nini? Alianika kahawa zake juani, akazigeuza, akazionja moja moja kama ilivyo desturi ya kazi ile, maana kahawa iliyokauka sawasawa hulia inapovunjwa na meno, ka, na isiyolia bado ina maji ndani, ikiwekwa itaota ukungu na kuharibu kikapu kizima. Siku zile nne kila punje aliyoionja ilimwonekea mbichi.

Jumatano saa tisa, siku moja kabla ya mpima, Hafidhi alikuja mara ya tatu. Safari hii alivaa ndala. Alikaa juu ya gogo bila kukaribishwa, akatoa bahasha, na kutoka ndani ya bahasha akatoa picha ya zamani iliyogeuka rangi ya chai.

Kokugonza aliipokea kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa humo, katika koti la ulinzi, kijana kuliko alivyowahi kumkumbuka. Pembeni yake Mgoa mwenye kofia. Katikati yao, chini, kikapu. Nyuma yao milamula sita, midogo, na mwisho wa mstari jiwe. Pembeni kabisa mtoto wa kike, kidole mdomoni.

"Geuza," alisema Hafidhi.

Nyuma, kwa mwandiko wa karani ulionyooka, iliandikwa: *Meneja akimkabidhi Rugemalira, mlinzi, eneo la nje ya uzio. Milamula sita, kutoka njiani hadi kwenye jiwe.*

"Ilikuwa kwenye sanduku la babu. Iko hiyo moja tu."

Kokugonza alipitisha kidole juu ya mwandiko. Alitaka kulia, na hakutaka kulia mbele ya mjukuu wa Omary. "Kwa nini unanionyesha?"

"Kesho wataomba daftari langu lisomwe mbele ya mpima na mwenyekiti. Lina maneno yako, kwamba kiwanda hakikufika hapa. Wao wana ramani ya kiwanda, na ramani inafika mpaka mtoni. Maneno yako hayatasimama hata dakika tano, mama."

"Na picha hii?"

"Picha inaonyesha kwamba mlipewa. Lakini inaonyesha pia kwamba palikuwa pa kiwanda, na kwamba wewe ulinidanganya." Akatazama chini ya jiwe, kisha akaondoa macho haraka, kwa adabu. "Na inaonyesha kwamba milamula ilikuwa sita."

Ng'ambo ya mto mafundi walikuwa wamepumzika. Chini ya sufuria moto ulikuwa mzuri, makaa mekundu, na picha ilikuwa mkononi mwake. Ingetosha kufungua vidole. Bila picha, ingebaki ramani yao na mdomo wake. Akiwa na picha, alikuwa anakiri mbele ya watu wote kwamba ardhi ile ilikuwa ya wale ambao hoteli ilinunua kwao. Labda hicho ndicho walichokitaka. Labda kijana alitumwa amletee chambo kizuri, chenye sura ya baba yake, ili akimeze mwenyewe. Alimwona Hafidhi akiutazama moto, kisha mkono wake, wala hakunyoosha mkono kuiokoa picha. Ama alimwamini, ama alikuwa na nakala kwenye simu.

"Nani anakulipa wewe?" aliuliza.

"Hoteli."

"Basi?"

Hafidhi akaonyesha mwandiko nyuma ya picha. "Babu aliandika hivi kwa mkono wake. Mimi siwezi kuandika kinyume chake."

Lilikuwa jibu zuri, na kwa Kokugonza jibu zuri lilikuwa sababu nyingine ya hofu. Mgoa naye alikuwa na maneno mazuri. Wa samaki walikuwa na maneno mazuri kupita wote. Alitazama tena picha, akamtazama yule mtoto mwenye kidole mdomoni, aliyekuwapo, aliyeona milamula ikihesabiwa mmoja mmoja, na ambaye miaka hamsini na sita baadaye alivuka jiwe alfajiri akiwa na panga.

Akaiweka picha juu ya gogo, mbali na moto. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akashuka mpaka chini ya jiwe. Kipande cha mlamula kiling'oka kirahisi kwa mkono mmoja, hakikuwa kimeshika. Alikitupa mtoni na kukitazama kikizunguka mara mbili, kikikwama, kikiondoka kuelekea ziwani.

Aliporudi, pumzi zilikuwa juu. "Andika upya," alisema. "Babu yangu amezikwa Kimwani. Hapa palikuwa pa kiwanda. Baba yangu alipewa, nami nilikuwapo."

Hafidhi akafungua ukurasa mpya.

"Subiri kwanza."

Alitoa kikapu nyuma ya kuni, akakipangusa majivu, akakiweka katikati yao. Alichagua punje moja, akaitia mdomoni, akaivunja. Ka. Zile za kikapuni zilikuwa zimekauka sawasawa.

"Chukua, waitu, mwenzetu."

Kijana alisita, kalamu ikining'inia. "Mama, mimi sikukulia katika mila hii. Babu yangu alitoka Tanga."

"Meneja alitoka mbali zaidi."

Hafidhi aliinamia kikapu. Alichukua muda kuchagua, kama mtu anayejua kwamba si chakula anachochagua. Akaitwaa punje moja, akaiangalia kwenye kiganja, akaitia mdomoni. Wakati huo huo, ng'ambo ya mto, mashine ya kuchimbia nguzo ikawaka, na mngurumo wake ukajaza bonde lote, ukatikisa hata maji ndani ya sufuria.

Hafidhi akaanza kuandika. Kokugonza alisogea mbele juu ya kigoda chake, mikono magotini, akatega sikio kwenye ule mngurumo aisikie ile ka, na macho yake hayakuondoka kwenye taya la kijana.