Nani Alikula Ugali wa Malale?

Kazi yangu ni kudai fidia za wafungwa. Sikuisomea. Niliishia darasa la saba, nikachoma matofali na kurina asali kule Ugalla miaka ishirini na sita, mpaka shirika moja lilipokuja Mpanda kutafuta watu wa kufundishwa sheria kwa wiki nne, chai na maandazi humo humo. Mimi Ambrosi nilienda kwa sababu ya maandazi na kwa sababu ya hasira. Mke wangu Scolastica alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, juu ya benchi la zahanati, akisubiri gari la wagonjwa. Gari siku hiyo lilikuwa limepelekwa kwenye msafara wa mgeni rasmi, msafara uonekane mrefu. Niliandika barua tatu kuuliza. Wakubwa hawakunijibu hata kwa kunitukana.

Basi nikapata cheti, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kama mbuzi wa mnadani. Ofisi yangu iko Ilembo, chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani. Na gereza ninalolisema hapa silitaji jina, nisije nikawa mteja wangu mwenyewe.

Jumatatu moja saa saba mchana akaja Msukuma mrefu, amevaa katambuga za tairi. Hata kabla hajabisha hodi alikuwa ameshasimama kwa mama ntilie wa hapo nje, anamwomba ukoko wa wali. Akaingia anautafuna.

"Mzee, wewe ndiye wa fidia?"

"Ndiye. Kaa. Walikukata nini?" Wengi wanaokuja kwangu wana vidole pungufu.

"Hawakunikata kitu. Walinizidisha."

"Walikuzidisha nini?"

"Miezi kumi na moja."

Jina lake Nashon Malale, wa Kibaoni. Alifungwa miaka miwili kwa kuingiza ng'ombe kwenye hifadhi. Akakata rufaa, akashinda, mahakama ikatoa hati aachiwe tarehe sita mwezi wa pili. Sasa karani aliyeandika hati ile kwao hawana l. Akaandika "Nashon Marare". Na Nashon ni Msukuma, kwao r haijawahi kufika.

"Wakati wa kuhesabiwa," Nashon akanieleza (r zote hapa nazitia mimi), "Afande Edgar wa ofisi ya kumbukumbu akasimama na hati. 'Marare! Nani Marare?' Nikasimama. 'Mimi, afande.' 'Taja jina lako.' 'Malale.' 'Nimeita Marare!' 'Ndiyo, afande. Malale.' 'Kaa chini!' Nikakaa."

"Ukakaa miezi kumi na moja."

"Si aliniambia nikae, mzee."

Alitolewa na jaji aliyekuja kukagua magereza, akauliza huyu naye anafanya nini humu. Nikachukua kalamu nianze kupiga hesabu ya fidia. Nashon akanishika mkono.

"Fidia ichelewe tu. Mimi nataka balua. Ya kwamba nilikuwa ndani."

"Ya nini? Ulishatoka."

"Ya Hana. Mke wangu."

Hana alikuwa amekopa nauli mwezi wa tatu, akaja mjini, akaenda kuuliza mahakamani. Wakafungua daftari: Nashon? Huyo aliachiwa tangu mwezi wa pili, mama, hajafika nyumbani? Gerezani hakwenda tena, aende kumtafuta nani. Akarudi Kibaoni. Huko wambea wakamalizia: Nashon ana mwanamke Inyonga, na duka analo. Hana akabeba watoto akahamia kwa kaka yake, Abednego. Na Jumamosi hii hii Abednego alikuwa anakaa kikao kurudisha ng'ombe za mahari za Nashon, ili Hana aolewe na mwanamume wa Majimoto mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

"Nimemweleza nilikuwa jela," Nashon akasema. "Ananiambia kila mwanamume aliyepotea alikuwa jela."

Sitasema uongo, roho yangu iliuma. Mimi wa kwangu hata nikiandikiwa barua elfu moja zenye mihuri harudi. Huyu wa kwake alikuwa Kibaoni, nauli tu ya kwenda na kurudi.

Nikatengeneza notisi ya siku tisini, maana serikali huwezi kuidai hivi hivi, lazima uipe miezi mitatu ya kujiandaa kukataa. Jumanne nikaipeleka gerezani asubuhi, halafu nikampeleka Nashon kwa wakili ale kiapo kwamba yale majina mawili ni mtu mmoja.

"Sema," wakili akamwambia. "Mimi, Nashon Malale, ndiye Nashon Marare."

"Mimi, Nashon Malale, ndiye Nashon Malale."

"Unaapa kwamba wewe ni wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hiyo haihitaji kiapo, bwana. Marare. Ma-ra-re."

Nashon akafumba macho, akakunja ulimi, jasho likamtoka. "Ma-la-le."

Wakili akavua miwani. Akasema tukafanye mazoezi, turudi wiki ijayo. Wiki ijayo Hana angekuwa Majimoto anapepeta pumba.

Jumatano nikarudi mwenyewe gerezani. Afande Edgar alinipokea vizuri, tena kwa kiti. Ni mtu mnene, mstaarabu, mwenye mihuri mitano mezani kaipanga kama kete za bao.

"Mzee Ambrosi, shikamoo."

"Marahaba. Nipe mistari miwili tu, kwamba Nashon Malale alikuwa humu mpaka mwezi wa kwanza."

"Jana umetuletea notisi ya kutudai. Leo nikuandikie barua kwamba alikuwepo? Si nitakuwa nimejifunga mwenyewe, mzee wangu?"

"Lakini alikuwepo."

"Sijasema hakuwepo. Nimesema siandiki."

"Kwa hiyo kwenye karatasi hayupo."

"Kwenye karatasi aliondoka na hati."

"Na mwili wake uliobaki?"

"Mwili si wa ofisi hii. Hapa ni kumbukumbu."

Nikatoka nimevimba kama chura. Nje ya stoo wafungwa walikuwa wanashusha magunia ya maharage, na ukutani kuna ubao umeandikwa kwa chaki: WALIOPO 312, MGAO 312. Nikasimama pale. Askari akaniuliza mzee umepotea? Nikamwambia hapana, sasa ndiyo nimefika.

Usiku huo sikuandika kitu, hakukuwa na umeme. Alhamisi asubuhi nikaandika:

"Kwa kuwa ofisi yako haiwezi kuthibitisha kuwa Nashon Malale alikuwepo gerezani baada ya tarehe sita mwezi wa pili, naomba kujulishwa ni nani aliyekuwa akila ugali na maharage yake kwa siku mia tatu thelathini na nne. Nakala: Mkaguzi wa Hesabu."

Hiyo nakala sikuituma. Anwani ya mkaguzi siijui, na stempu yenyewe ningeitoa wapi. Lakini nimeshawachunguza hawa wenye viti vya kuzunguka: barua hawasomi, wanasoma pale chini palipoandikwa "Nakala".

Ijumaa saa tatu pikipiki ikasimama kwa fundi cherehani. Afande Edgar mwenyewe, na kofia kwapani.

"Mzee, umemwandikia mkaguzi?"

"Soma pale chini."

"Yule mtu alikula! Kila siku alikula! Unataka kuniletea mambo ya wizi wa maharage, mimi nabakiza miaka miwili nistaafu?"

"Mimi nitajuaje kama alikula, afande? Ofisi yako haiandiki."

"Imeandika!" Akatoa bahasha. "Na mihuri nimekupigia miwili. Kampe na mkaguzi wako asome."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaifungia kabatini. Alipofika kwenye pikipiki akasimama, akageuka kunitazama. Nadhani ndipo alipoikumbuka ile notisi ya siku tisini. Ufunguo wa kabati nilikuwa nimeshautia soksini.

Jumamosi alfajiri tukapanda basi la Kibaoni. Baada ya Sitalike, ndani ya hifadhi, mbung'o wakaingia dirishani, wote wakamtua Nashon.

"Ukoo wako huo," nikamwambia. "Wamesikia Malale anapita."

Hakucheka. Alikuwa ameishika bahasha juu ya magoti kama anabeba mayai.

Tulikuta kikao kimeshakaa barazani. Yule wa Majimoto alikuwa na koti la suti na kofia ya pama, jua lote lile. Hana alikuwa jikoni, mlango wazi, anasonga ugali ametupa mgongo.

"Shemeji," Abednego akasema, "umekuja kuaga au umefunga duka la Inyonga?"

"Nimekuja na balua."

"Na mzee huyu ni nani, shahidi wa kukodi?"

"Mimi ni msaidizi wa kisheria," nikasema, nikainua kitambulisho changu cha mbuzi. Nikafungua bahasha, nikasoma kwa sauti ili jikoni wasikie.

"Ofisi inathibitisha kuwa mfungwa Nashon Malale, kwenye hati Marare, alikuwepo gerezani mfululizo kuanzia tarehe sita mwezi wa pili kwa siku mia tatu thelathini na nne, na alikula milo yote bila kukosa. Ofisi inakanusha vikali kuwa chakula chake kililiwa na mtu mwingine. Aidha, mfungwa tajwa alionywa mara mbili kwa kugombana na wapishi akidai ukoko wa sufuria."

Mwiko ukanyamaza jikoni.

"Rudia hapo mwisho," Hana akasema.

Nikarudia. Akatoka, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Mihuri inanunuliwa siku hizi," Abednego akasema.

"Muhuri unanunuliwa, kaka. Huo ukoko nani angeutunga?" Akamtazama mumewe toka kwenye katambuga mpaka kichwani, kama mtu anayekagua kitu alichokiazimisha. "Na wewe, baba Kulwa. Ulishindwa kusema hilo neno mara moja tu ukatoka?"

"Nilijalibu."

"Lipi? Mzee, walimwita nani?"

"Marare," nikasema.

"Haya. Sema Marare."

Nashon akavuta pumzi. Baraza zima lilikuwa linamtazama mdomo, hata yule wa kofia.

"Malale."

"Kaa chini," Hana akasema.

Akakaa. Hana akaingia jikoni, akarudi na sufuria na kijiko, akamwekea mbele yake. Yule wa Majimoto akasubiri kidogo kama kuna mtu atamwambia kitu, kisha akafuta vumbi kwenye koti na kwenda kutafuta bodaboda.

Siku tisini bado hazijaisha, wala sina uhakika watalipa. Lakini yale majina mawili Afande Edgar ameyaunga mwenyewe kwa wino wake, na wakili hamwapishi Nashon tena.

Jumatatu nilifungua ofisi mapema. Nikaandika barua ya nne kuhusu gari la wagonjwa, na safari hii sikuuliza kwa nini Scolastica alikufa. Niliandika kwamba siku ile gari halikubeba mgonjwa hata mmoja, kwa hiyo naomba kujulishwa ni nani aliyekunywa mafuta yake. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, nikaandika: NAKALA.