Maji ya Mwisho wa Tangi

Kufika saa nane mchana miguu ilikuwa imekufa ganzi ndani ya buti. Kazi yangu kiwandani ni kupima dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kuoshea kabichi na karoti zilizokatwa. Unachovya kikaratasi, kikigeuka zambarau dawa ipo, unaandika "sawa" daftarini. Shangazi, msimamizi wa zamu, ndiye aliyeniingiza hapa, tena ndiye aliyenifundisha kuchovya pale bomba linapomwagia dawa. Pale hugeuka zambarau siku zote.

Siku hiyo, kwa uchovu tu, sikulizunguka tangi. Nilichovya niliposimama, mwisho wa tangi, mboga zinakotolewa. Kikaratasi kikabaki cheupe. Cha pili, cheupe. Maji yenyewe kama ya kufulia soksi.

"Shangazi, huku hakuna dawa."

"Pima tunapopimia, mama."

"Pale ni mdomoni mwa bomba. Hata soksi zangu zikipimwa pale ni safi."

Wapakiaji wakacheka ndani ya barakoa. Shangazi hakucheka. "Lori linaondoka saa tisa. Tukimwaga maji haya, tunaanza upya."

Nikachukua pakiti moja ya wapakiaji, nikasoma: *Imeoshwa, tayari kuliwa.* Basi hakuna atakayeiosha tena wala kuipika. Mtu atafungua, atampakulia mtoto. Na kabichi moja chafu ikiingia tangini bila dawa, vijidudu vyake vinaenea kwa zote, kisha vinafungiwa ndani ya pakiti pamoja na unyevu, vinazaana. Hilo nalo alinifundisha Shangazi, wiki ya kwanza.

Nikaandika: "Hakuna dawa." Nikabandika karatasi nyekundu ya zuio kwenye kreti zote za zamu. Lori likaondoka tupu.

Saa kumi tukaitwa na meneja, tunayemwita Bwana Saa kwa kuwa hasemi na mtu bila kutazama saa yake ya mkononi. Akafunua daftari. Sahihi ya Shangazi ilikuwa kwenye kila ukurasa, miaka sita ya "sawa". Akasema niombe radhi, niandike kwamba nilikosea kupima, yaishie hapo. La sivyo, Shangazi arudishe funguo za kiwanda, kazi yake imeisha.

Shangazi alikaa na glavu mapajani, mgongo umepinda.

"Sema samahani, mwanangu," akaniambia taratibu. "Neno moja tu, twende tukalale."

Na usingizi nilikuwa nao, tele.

"Mkoba wako nitakubebea mpaka nyumbani, Shangazi. Ukinuna mwaka mzima, nitanuniwa. Lakini kikaratasi kilikuwa cheupe. Siombi radhi."