Kahawa Iliyopoa Dahna

Katika watu wote waliowahi kuwasha moto kwenye mchanga mwekundu wa jangwa la Dahna, hapakutokea mwongo mtamu kama Mutlaki. Uongo wake haukumdhuru mtu. Ulikuwa kama iliki kwenye kahawa: usipokuwapo, watu waliona wanakunywa maji ya moto tu. Kila mwaka mvua zikishapita na majani kuchomoza, yeye na rafiki zake wawili, Shilashi na Dahhamu, walikuwa wakitoka mjini alasiri na kwenda kulala jangwani, desturi waliyoianza ndevu zao zikiwa bado nyeusi. Walichangiana. Shilashi alileta gari na hema, Dahhamu kondoo na mchele, naye Mutlaki kuni, kahawa na hadithi.

Mwaka huu Mutlaki alibeba na kopo la vileja. Binti yake, Nufu, alimkabidhi pale mlangoni.

"Mpe Ami Dahhamu amfikishie Wadha," alisema. "Na wewe baba, leo usiseme hadithi. Sema neno lenyewe."

Wadha alikuwa mtoto wa Nufu, mjukuu wa Mutlaki, na mjukuu wa Dahhamu vilevile, maana Nufu aliolewa na Fawazi mwana wa Dahhamu. Ndoa ilipovunjika, Fawazi alikuja kumchukua mtoto akamsalimie bibi yake kwa wiki moja. Wiki hiyo mpaka leo haijaisha. Hakimu alimpa Nufu haki yake, lakini Fawazi alishahamia pwani ya mashariki na simu haipokei. Hukumu ipo, mtoto hayupo. Na wazee hawa wawili, waliojuana tangu utotoni, walilikwepa jambo hilo kama mtu anavyolikwepa jino bovu anapotafuna.

Mutlaki alikuwa na mpango. Mgeni akipewa kahawa akaiweka chini bila kuigusa, mwenyeji hana budi kumuuliza haja yake, na mwanamume mwenye heshima yake hujibu, "Kunywa, umepata." Vita vimewahi kuzimwa kwa kikombe cha namna hiyo. Mutlaki aliona, ikiwa damu ya watu ilisamehewa kwa kahawa, mtoto mmoja atashindikanaje?

Jua lilipozama walikuwa wameshakula. Shilashi, mtu mnene mwenye kicheko cha kukohoakohoa, aliegemea mto wake.

"Haya, babu wa waongo. Tuletee yule mjusi wako, guruguru."

"Yule mnamjua."

"Tunamjua, lakini kila mwaka anakua. Mwaka jana alikuwa na urefu wa ngamia."

Basi Mutlaki akasimulia. Mwaka ule gari lilizama mchangani mpaka vioo. Akamtoa guruguru shimoni, akampa bampa aume, kisha akamkanyaga mkia. Guruguru akiuma haachii mpaka ngurumo ipige, nanyi nyote mnalijua hilo. Mnyama akarudi nyuma kwa hasira, akalivuta gari likatoka mchangani lote, akaendelea kulivuta mpaka shimoni kwake, usukani nao ukaingia. "Nikaona, hee, sasa nakwenda kuwa mkwe wa guruguru. Nikapiga honi. Akadhani ni ngurumo, akaachia."

"Na mkeo alikuwa wapi?" aliuliza Dahhamu.

"Ndani ya gari, ananiambia mbele pamejaa, nirudi kinyumenyume."

Dahhamu alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Alikuwa mtu mrefu mkimya, na kumchekesha kulikuwa kazi. Mutlaki alipoona hivyo, alijua saa yake imefika. Akakunja vidole vya mkono wa kushoto.

"Mkono huu na baridi havipatani. Dahhamu, mimina wewe leo."

Dahhamu akashika dele la kahawa kwa kushoto, vikombe kwa kulia, akamimina. Shilashi akanywa. Mutlaki akapokea chake, akakitazama kidogo, akakiweka mchangani mbele ya magoti yake.

Kuni zilipasuka mara mbili tatu.

"Ina nzi?" aliuliza Shilashi. "Au ndiyo hadithi nyingine?"

"Abu Fawazi," alisema Mutlaki, "kahawa yako siinywi."

Tangu wakiwa vijana alimwita Dahhamu tu. Kuitwa baba wa Fawazi, hapo motoni, kulimfanya Dahhamu alirudishe dele kwenye makaa taratibu, kana kwamba limejaa mayai.

"Si kahawa yangu," alisema mwishowe. "Ni yako. Umeinunua wewe, umeikaanga wewe, kuni zako, dele la marehemu baba yako. Mimi nimeinamisha tu."

"Anayemimina ndiye mwenyeji."

"Hapa hakuna mwenyeji. Tumechanga. Kondoo wangu, hema la Shilashi. Hii haja yako umejiomba mwenyewe."

Mutlaki alimgeukia Shilashi. "Sema wewe."

Shilashi alikuna shingo. Alitamani sana kufanya mzaha, lakini haukuja. "Amekubana, ndugu yangu. Ungekwenda nyumbani kwake."

"Nimekwenda. Mara tatu nimeambiwa amelala. Mtu gani analala saa nne asubuhi, tena viatu vyake viko mlangoni?"

Dahhamu alitazama mikono yake.

"Sikuuliza haja yako," alisema, "kwa sababu naijua. Nikikuuliza, nitatakiwa nijibu 'umepata'. Na mimi sina cha kukupa, Mutlaki. Fawazi hapokei simu yako, na yangu hapokei. Nilikwenda kule Idi iliyopita na zawadi. Mke wake mpya akaniambia mlangoni kwamba wametoka. Nilimsikia mtoto ndani anaimba." Akasema tena, "Nilimsikia. Nikashuka ngazi."

"Wewe ni baba yake Fawazi," alisema Mutlaki.

"Ndiyo. Na wewe ni babu wa Wadha. Majina tunayo."

Hapo Mutlaki alielewa kwamba alikuwa amefika kisimani na kamba nzuri, ndoo nzuri, na maji hayamo. Angekataliwa kwa ubaya angekuwa na wa kumlaumu. Sasa hata huyo hakumpata. Hakuna aliyelala upesi. Kikombe kilibaki palepale, maana Mutlaki hakuweza kukinywa, na Dahhamu hakuwa na mamlaka ya kukiondoa.

Walipomaliza swala ya alfajiri, upepo ulikuwa umetia mchanga mwembamba juu ya ile kahawa. Mutlaki akaleta kopo.

"Nufu ameoka. Alisema nikupe umpelekee."

"Nikipeleka vitakwenda kwa majirani," alisema Dahhamu. "Au jalalani."

"Najua. Lakini siwezi kurudi na kopo limejaa. Atakuwa mlangoni."

Shilashi, ambaye daktari alimkataza sukari, ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Wakakaa watatu, wakala vileja vya mtoto kama watu wanaotumikia adhabu. Juu kabisa palikuwa na kimoja kikubwa chenye umbo la guruguru, macho mbegu mbili za iliki. Wakakiruka. Mwishowe kikabaki peke yake ndani ya kopo. Dahhamu akakichukua, akakigeuza, akauma kichwa, akatafuna muda mrefu. Kisha akakiinua kile kikombe, akamwaga kahawa mchangani, akakifuta kwa kanzu yake na kukirudisha mahali pake katika vyombo vya Mutlaki. Mutlaki hakumwangalia.

Njiani Shilashi alijaribu mara moja. "Mwaka ujao tutakwenda upande wa kaskazini. Wanasema kuna majani."

"Tutakwenda," alisema Dahhamu, kwa sauti ambayo wote watatu waliielewa.

Nufu alikuwa mlangoni kweli. Alilipokea kopo, akalitikisa, akasikia halina kitu. Uso wake ukafunguka kidogo, na huko kufunguka ndiko kulikomuumiza baba yake kuliko yote.

"Vimefika?"

"Vimefika. Mtoto alikuja na babu yake mpaka kambini, na mkoba mgongoni. Akala vyote."

"Na guruguru?"

"Huyo alimweka mwisho kabisa." Mtu aliyemfanya guruguru avute gari alitafuta kitu cha kuongeza, akakuta ghala tupu. Akasema kile macho yake yalichokiona. "Alianza na kichwa."

Nufu alifunika kopo.

"Wadha huanza na mkia, baba," alisema. "Siku zote mkia, ili asikimbie."

Mutlaki alisimama na dele mkononi. Ndani, Nufu alifungua bomba, akaliosha kopo kwa maji mengi, akalipangusa, na kulipandisha kwenye rafu ya juu kabisa, kule asikofikia mpaka apande kiti.