Sala ya Kuondoa Moto

Sebuleni kwa Armelle Kerbrat kulikuwa na meza isiyoliwa chakula. Juu yake alisimama Mtakatifu Anna wa udongo, urithi wa mama yake, pamoja na chupa ya maji ya baraka, karata za kutabiria zilizofungwa kwenye kitambaa cha zambarau, na timazi dogo la shaba lenye mnyororo, la kuuliza likajibu kwa kuzunguka. Palikuwa pia na vijiwe vilivyochorwa alama za watu wa kale wa kaskazini, ambavyo aliviagiza kwa posta. Mwisho alikuwa Mtakatifu Ekspedito, askari mwenye joho jekundu, zawadi ya jirani yake Rosemay aliyezaliwa kisiwa cha Reunion.

Rosemay mwenyewe alipoiona ile meza kwa mara ya kwanza alishika kiuno.

"Weye Armelle, hawa hawajuani! Umewapanga kama abiria wa treni. Watagombana humo."

"Wote wanamtumikia Mungu mmoja, mwenzangu."

"Sawa, lakini kila mmoja ana masharti yake. Huyu wangu ukimwomba kitu, unampa ahadi, na ahadi unaitimiza. Umeshamwahidi nini?"

Armelle akacheka, akamimina kahawa, wakaongea habari za mvua.

Kati ya vyote hivyo, kilichokuwa chake kwa damu hakikuonekana mezani. Ilikuwa sala. Baba yake, Job, mchimba mawe wa milima ya Arrée, alikuwa akiondoa moto. Mtu akiungua kwa maji, kwa mafuta au kwa chuma, Job aliweka kiganja juu ya jeraha bila kuligusa, akanong'ona maneno ya Kibretoni, lugha ya wazee wa kwao, akapuliza mara tatu, na maumivu yakapoa. Hakupokea hata yai. Akiitwa, aliacha kijiko ndani ya supu. Alipoona anakaribia kufa alimwita Armelle akampa yale maneno, mdomo kwa sikio.

Mengine Armelle aliyaokota baada ya mumewe kuondoka, alipobaki na nyumba kubwa na mawazo mengi. Karata alifundishwa na mwanamke aliyepika naye katika jiko la shule. Yule alimwambia, "Usiwapigie watu wa damu yako." Timazi alipewa na mzee mmoja mtafuta visima, naye alimwambia, "Usiliulize jambo ambalo jibu lake unalitaka." Armelle aliitikia kwa heshima, akabeba karata, akabeba timazi. Masharti aliyaacha kwa wenyewe. Kila asubuhi alichanganya kidogo hiki na kidogo kile: karata moja, kijiwe kimoja, mshumaa kwa Anna, ubani kwa Ekspedito. Ulimtuliza mchanganyiko huo, na kwa miaka mingi haukumdhuru mtu.

Kilichomponza ni mimba ya mkwewe.

Ilikuwa miaka mitano nyuma. Mwanawe wa pekee, Gwendal, alikuja na mkewe Solenn kula chakula cha mchana, na Gwendal akatoka nje kupasua kuni. Solenn alikuwa na miezi mitano. Armelle alimwomba alale kwenye kochi, kwa mchezo tu, amwangalizie kama ni mvulana au msichana. Timazi liligoma kuzunguka. Akapiga karata, zikatoka mbaya. Akachota kijiwe, akakiangalia, akakirudisha haraka. Solenn akakaa.

"Umeona nini, mama?"

Armelle angeweza kusema chochote. Lakini mambo matatu yalikuwa yamesema neno moja, na aliona fahari fulani kwamba yamekubaliana.

"Mwanangu," alisema, "mtoto huyu usimwekee moyo sana."

Solenn hakumwekea mtoto wake moyo kwa miezi minne. Hakununua nguo hata moja. Usiku aliamka kusikiliza kama anacheza tumboni. Enora alizaliwa mzima, kilo tatu na zaidi, na koo la kuamsha mtaa. Gwendal alipiga simu siku hiyo hiyo. Armelle alidhani anapigiwa ili apongezwe.

"Mke wangu amebeba jeneza miezi minne kwa sababu yako," Gwendal alisema. "Huyu mtoto hutamwona."

Na hakumwona. Alituma sweta alizofuma mwenyewe, zikarudi. Alimwendea Mtakatifu Anna, akaziendea karata, akaviendea vijiwe, na vyote vilimwambia avumilie, mwanawe atarudi. Rosemay alipoambiwa kisa chote, safari hii hakucheka.

"Mimi nisingempigia karata mjukuu wangu. Hata kwa kisu shingoni."

"Yalikubaliana yote matatu, Rosemay."

"Yalikubaliana wewe ukiwa katikati."

Waliendelea kunywa kahawa pamoja, ila mara chache.

Tarehe mbili ya Februari, Jumapili, siku ambayo kila nyumba hupika chapati za maji, simu ya mezani ililia saa tisa alasiri. Armelle alikuwa na tawa jikoni, anapika chapati za mtu mmoja.

"Ni mimi, Gwendal."

Nyuma ya sauti hiyo palikuwa na sauti nyingine, ya mtoto anayelia kwa ule mlio wa kukata pumzi. Armelle akazima jiko.

"Enora ameweka kiganja kwenye tawa," Gwendal alisema. Alizungumza kama mtu anayesoma karatasi. "Tumetoka hospitali. Wamemfunga, wamempa dawa, bado analia. Muuguzi ametupa namba tatu za watu wanaoondoa moto. Wa kwanza amekufa. Wa pili hapokei. Ya tatu ni hii."

"Gwendal, mwanangu..."

"Solenn ndiye aliyetaka nipige. Unafanya au hufanyi?"

Alichotakiwa kufanya alikijua. Aulize majina yote ya mtoto na siku ya kuzaliwa, afumbe macho, aseme yale maneno hapo hapo na simu sikioni. Alishawafanyia hivyo watu wa Brest na wa Quimper ambao hakuwahi kuwaona sura. Lakini mtoto alikuwa upande wa pili wa waya, na miaka mitano ilimjia yote kwa pamoja kifuani.

"Nipe dakika mbili, nakupigia," alisema, akakata.

Alikwenda mezani. Alishika timazi akauliza kama inafaa mtoto aletwe. Timazi likazunguka upande wa hapana. Akauliza tena kwa maneno mengine: je, mtoto hatafaidika zaidi akishikwa na bibi yake? Timazi likasitasita, kisha likageuka upande wa ndiyo. Akachomoa karata, ukatoka mnara unaobomoka. Mkono umeteleza, alijiambia, hiyo haihesabiki. Akachomoa nyingine, likatoka jua. Ekspedito alikuwa anamtazama na joho lake jekundu.

Akapiga simu.

"Mleteni. Lazima nimshike mkono."

"Huwezi kwa simu?"

"Kwa mtoto mdogo haishiki. Mleteni."

Kutoka mjini kwao mpaka kwake ni dakika arobaini, barabara ikiwa kavu. Armelle alibadili blauzi. Alipanga viti. Alipika chapati nyingine sita, akazifunika kwa sahani.

Alisikia kilio kabla hajasikia mlango wa gari. Sauti ilikuwa imeshakauka, imebaki ya kukwaruza. Solenn aliingia kwanza, mtoto begani, uso wake umevimba kwa machozi. Hakusalimia. Gwendal alibaki mlangoni na koti lake. Alikuwa ameota mvi pembeni, jambo ambalo Armelle hakuwa ameambiwa na mtu.

Enora alikuwa na nyusi za Job. Hizo hizo, nzito, zinazokaribia kukutana.

"Huyu nani?" mtoto aliuliza katikati ya kwikwi.

Solenn alimtazama mumewe.

"Ni mama mmoja anayeondoa moto," Gwendal alisema.

Armelle alipiga magoti mbele ya kochi. Aliweka kiganja chake juu ya bandeji, mbali kidogo, na kwa nukta moja akaogopa kwamba maneno yamemtoka, kwamba yamezama humo kwenye vijiwe na karata na hayatapanda tena. Yalipanda. Yalikuja kwa sauti ya baba yake, yakiwa makavu na mafupi. Akapuliza mara tatu.

Pengine ilikuwa dawa ya hospitali iliyoanza kufanya kazi. Pengine mtoto alichoka. Kilio kilishuka kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Enora akatazama chumba kwa macho yaliyovimba.

"Yule askari mwekundu anaitwaje?"

"Ekspedito," Armelle alisema. "Huyo hapendi kabisa kusubiri."

Mtoto alicheka kidogo. Armelle alinyoosha mkono apate kumgusa nywele.

"Twende," Gwendal alisema.

"Nimepika chapati. Hata moja tu, ya njiani."

"Ameungua kwa chapati," Solenn alisema, bila ukali wowote, akambeba mtoto akatoka. Hakushukuru. Aliyeondolewa moto hashukuru, ndiyo desturi, shukrani huharibu kazi. Armelle aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote mle ndani, na bado alisimama akisubiri neno. Hakujua kama mkwewe ameshika desturi au ameshika chuki.

Gwendal alisubiri mpaka mlango wa gari ukafungwa.

"Babu alifanya kwa simu," alisema.

Armelle alirudisha mahali pake kiti ambacho hakikukaliwa.

"Nilikuwa nakaa chini ya meza namsikiliza. Kuna mwaka mashua iliungua, akawafanyia watu watatu waliokuwamo, mmoja baada ya mwingine, supu haijapoa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka minne, mtoto wa nahodha. Kwa simu."

"Nilitaka nimwone."

"Amelia njia nzima. Solenn anamwimbia, yeye analia. Dakika arobaini." Alitazama mezani, akatazama timazi lililokuwa bado limelala juu ya kitambaa cha zambarau, na ile karata ya jua. "Uliiuliza hiyo meza yako, sio? Ndiyo dakika mbili zile."

"Niliiuliza."

"Ikakubali."

"Ikakubali."

"Imewahi kukukatalia hata siku moja?"

Ilikuwa imemkatalia mara mbili, alasiri ile ile, lakini hilo hangeweza kumwambia. Gwendal alifunga koti akaondoka. Chapati zile sita alimpelekea Rosemay. Rosemay alizipokea, akamtazama usoni, akamwambia aingie. Armelle alisema ana kazi.

Wiki tatu baadaye Gwendal alirudi, peke yake, bila kupiga simu. Armelle alipoona gari lake alishuka ngazi mbili mbili kama msichana. Alimfungulia kabla hajabisha.

"Mkono umepona?"

"Umepona. Kimebaki kialama." Alikaa jikoni, akakataa kahawa. "Nimekuja kuchukua sala ya babu."

Armelle alidhani hajasikia vizuri. "Wewe? Huiamini."

"Nimeona mtoto wangu akinyamaza. Ninayoamini au nisiyoamini, hayo ni yangu." Alizungumza taratibu, kama mtu aliyejisemesha njiani. "Siku nyingine akiungua, sitaki niwe na namba ya kupiga. Nataka niwe nayo mwenyewe."

"Nikikupa, mimi inanitoka. Inakaa kwa mtu mmoja tu."

"Najua. Babu aliniambia."

Armelle alitazama mikono yake. Kitu pekee kilichoweza kumleta mwanawe mlangoni ndicho alichokuwa anaombwa. Akikinyima, ana sababu ya kurudi kuomba tena. Akili yake ilikwenda sebuleni, ikashika timazi, ikaanza kutafuta namna ya kuliuliza. Mwili wake haukuinuka kitini.

"Mama," Gwendal alisema. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka mitano, na hata sasa alilitoa jina hilo kama anayeling'oa. "Tafadhali. Bila kuuliza popote."

"Sogeza kiti."

Haiandikwi, kwa hiyo alimpa kwa sikio, sentensi kwa sentensi. Gwendal hakujua Kibretoni isipokuwa matusi na nyimbo za harusi, na Armelle alihesabu moyoni kwamba itachukua alasiri nzima. Alimsogelea mpaka akanusa sabuni ya shingoni mwake. Mara ya kwanza Gwendal aliteleza katikati. Mara ya pili aliisema yote, kwa lafudhi ya babu yake, na mikwaruzo yake yote, kwa sababu alikuwa ameisikia utoto mzima chini ya meza.

Armelle angeweza kusema bado. Rudia. Neno la tatu umelikosea. Gwendal asingejua.

"Umeshika," alisema.

Ilikuwa imechukua dakika kumi. Gwendal aliinuka, akasimama kidogo, mkono wake ukaegemea mgongo wa kiti karibu na bega la mama yake, kisha akauondoa akatafuta funguo.

"Enora anauliza habari za yule askari," alisema akiwa mlangoni.

"Mchukulie."

"Hapana," Gwendal alisema. "Kile cha mezani sitaki kije kwangu."

Mwezi Machi, mchana, alipiga simu mkulima wa upande wa Commana. Bomba la trekta lilikuwa limepasuka, mafuta ya moto yamemmwagikia mkono mzima. Alikuwa anasaga meno akitaja siku yake ya kuzaliwa. Armelle alifungua mdomo kwa mazoea, na pale ambapo maneno ya baba yake yalikaa siku zote hakukuta kitu. Alikumbuka neno moja moja, lakini yalikuwa maneno tu, kama ya orodha ya sokoni.

"Mimi sinayo tena, baba," alisema. "Una kalamu? Andika namba hii."

Aliitaja taratibu, tarakimu kwa tarakimu. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuipiga.

"Ni nani huyu?" mkulima aliuliza. "Anaijua kazi?"

"Ni Kerbrat," Armelle alisema. "Usichelewe, mpigie sasa hivi."