Mke wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumanne ya tatu ya mwezi wa Agosti, saa kumi alasiri, Vibeke Lundtofte alipanga viti vinane katika chumba cha nyuma cha maktaba ya Hvidbæk, akaweka chupa mbili za kahawa mezani, akakata keki ya lozi vipande kumi na viwili ili pasiwe na ugomvi. Kikundi cha wasomaji kilikuwa na watu saba, bila kumhesabu yeye, mwenyekiti wao. Kanuni zilibandikwa ukutani. Ya kwanza ilisema: asiyesoma kitabu haongei. Vibeke aliiandika mwenyewe, baada ya mzee mmoja kuhudhuria miaka mitatu akila keki na kuviponda vitabu vyote bila kufungua hata kimoja.

Kitabu cha mwezi huo kiliitwa Kengele na Moyo. Freja, msanifu majengo wa Kopenhagen, anapanda mnara wa kanisa la Hvidbæk, kengele inalia, naye anajikuta mwaka 1771 mbele ya mkulima aitwaye Rasmus, mwenye mabega. Mabega hayo yalichukua kurasa sitini. Mwishoni kengele inalia tena, wapenzi wanakimbilia zama zetu, na Rasmus anajifunza kuendesha baiskeli na kunywa mvinyo mweupe kwenye roshani.

"Nililia," alisema Jytte, aliyekuwa na duka la maua kabla ya kustaafu. "Nililia mpaka mbwa akaja kuniangalia. Mapenzi ni majani jamani, popote hujiotea."

Torben Aagaard, mpima ardhi mstaafu, hakulia. Alikuwa na karatasi yenye makosa kumi na saba, yamepangwa kwa kurasa.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema. "Mke wa Rasmus anampa mumewe chai. Chai! Mkulima wa 1771! Huyu mwandishi si angeuliza hata ng'ombe?"

Saa kumi na moja kengele ya kanisa ikalia. Kutoka katikati ya rafu za historia ya wilaya akatokea mwanamke wa miaka thelathini hivi, kavaa sketi ya sufu na kilemba cheupe, ananuka kondoo. Alivua mitalawanda yake yenye matope, akaipanga mlangoni pamoja na viatu vya mvua vya wengine.

"Mimi ni Sidsel Mortensdatter," alisema. "Mke wa Rasmus."

Kurasa zikafunuliwa haraka.

"Aa, yule wa supu!" alisema Jytte. "Karibu mwenzangu. Kitabuni umenenepa kidogo."

Vibeke akauliza kama ilivyompasa: je, mgeni amesoma kitabu? Sidsel alisema hajui kusoma. Vibeke akamwonyesha kanuni ukutani. Kwa kuwa hakuweza kuisoma hiyo nayo, alisomewa, kisha akapewa kiti na kahawa. Akakaa akawasikiliza watu saba wakisema kwamba mke wa Rasmus ni mtu baridi, kwamba ndoa ile ilikuwa imekufa tangu zamani, na kwamba moyo hauna hatia. Alikula keki taratibu, makombo akayafunga kwenye leso.

Wakati wa mapumziko maneno yalikuwa huru, naye akasema shida yake. Shamba lile ni la bwana wa kasri, na halikai mikononi mwa mwanamke asiye na mume. Msimamizi wa bwana amempa mpaka siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba. Rasmus asipoonekana, shamba litapewa Mads, mtunza farasi aliyekwisha kuzika wake wawili, na Sidsel ataolewa naye, pamoja na jembe na ndoo.

"Nataka kujua tu mume wangu yuko wapi," alisema.

Jytte alifungua mdomo, lakini Solvej, mwalimu wa chekechea, alikwisha kuziba masikio. "Nyamazeni! Mimi bado niko ukurasa wa mia na tisini! Msiniharibie mwisho!"

Kwa hiyo hakuna aliyemwambia. Adabu ni adabu.

Ila palikuwa na kadi. Kwa heshima ya mnara wao, wachapishaji walikuwa wamewaletea watu wa Hvidbæk kadi yenye mstari mmoja: Mngependa tubadilishe nini katika toleo jipya? Jambo moja tu. Kadi ilitakiwa kurudishwa mwezi wa Septemba. Vibeke alimweleza Sidsel kwamba pakiandikwa "Rasmus arudi nyumbani", basi atarudi. Sidsel aliitazama kadi kwa muda mrefu, kisha akauliza kusoma kunachukua siku ngapi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sidsel alipewa alfabeti. Kila siku kengele ya saa kumi na moja ilipolia alitoka rafuni, akakaa na Vibeke kwenye meza ya watoto, magoti yakimgusa kidevu. Kumsomea ingekuwa rahisi, lakini mwaka uliopita kikundi kilikwisha kuamua kwamba kusikiliza si kusoma. Vibeke alimpenda yule mwanamke. Alimpenda kwa mikono yake iliyopasuka, na kwa namna alivyolisema kila neno kana kwamba anavuta ndoo kisimani.

Baada ya somo Vibeke alirudi kwake, kwenye chumba alicholala peke yake tangu mumewe Ebbe alipozikwa, miaka sita sasa. Hapo alisoma tena sura ya roshani, ambapo Rasmus anamfunika Freja mabega kwa blanketi bila kuombwa. Alikuwa ameisoma mara kumi na moja. Hilo hakumwambia mtu.

Jumanne ya tatu ya Septemba Sidsel alisimama mbele ya kikundi, akasoma kwa sauti kidole kikifuata mstari: "Mkewe hakuwa na maneno matamu. Alimpa chai, akampa supu, akamgeuzia mgongo." Akafunga kitabu.

"Supu hiyo ilikuwa na kipande kimoja cha nyama," alisema. "Nilimpa yeye. Niligeuka ili asione kwamba bakuli langu ni maji."

Jytte alitoa kitambaa.

"Jamani, huyu mtu ana sauti!" alisema. "Ningemsoma kitabu kizima. Lakini shoga, na wewe utuelewe. Mapenzi yakishaota yameota."

"Kwetu yanayoota popote tunayang'oa," alisema Sidsel. "Kwenye kadi naomba muandike Rasmus arudi."

Likafuata jambo la kura. Jytte alisema Rasmus akirudi roshani itabaki na mtu mmoja, na kitabu cha namna hiyo nani atamnunulia dada yake? Torben hakuwa na neno na mapenzi, ila kosa la chai lilimkosesha usingizi. Alipendekeza kadi iseme: ukurasa wa 41, chai iondolewe, iwekwe bia ya shayiri. Jytte akaona bia haimdhuru mtu, akamuunga mkono. Mtu mmoja aliuliza kama Sidsel ana haki ya kupiga kura naye amefika ukurasa wa arobaini na moja tu. Ikakubaliwa kwamba anayo, kwa sababu Solvej hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja na hupiga kura kila mwezi.

Waliotaka Rasmus arudi walikuwa wanne, Sidsel akiwa mmoja wao. Waliotaka bia walikuwa wanne. Kanuni ya sita ilisema zikilingana, mwenyekiti anaamua.

Vibeke alimtazama Sidsel. Sidsel naye alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyefika kwa rafiki. Vibeke aliwaza blanketi lile, akawaza nyumba yake jioni, akaona aibu, na mkono wake ukiwa umejaa aibu hiyo ukainuka kwa bia.

"Basi," alisema Torben, akaandika kadi kwa mwandiko mzuri sana. Kikundi kikakipa kitabu mioyo sita kati ya sita. Mwezi uliopita kilikuwa na mitano, lakini wote walikiri kwamba maneno ya Sidsel yamekiongezea kina. Sidsel alivaa mitalawanda yake, akaazima kitabu kwa jina lake mwenyewe, akaondoka.

Jumanne ya tatu ya Oktoba toleo jipya lilikuwa limefika. Torben alifunua ukurasa wa arobaini na moja, akausoma mara mbili, akavua miwani. "Sasa mtu anaweza kukisoma kwa heshima," alisema.

Kengele ya saa kumi na moja ikalia, na Sidsel akatoka rafuni. Siku ya Mtakatifu Mikaeli ilikwisha kupita. Kilemba chake kilikuwa kipya, cha kitambaa kizito zaidi, na chini ya jicho la kushoto palikuwa pamevimba, pamegeuka kijani. Aliweka kitabu mezani.

"Nimekimaliza," alisema. "Nimefika mpaka roshani. Leo ninalo la kusema."

Wote walimgeukia Vibeke. Kitabu cha mwezi huo kilihusu mpelelezi mlevi wa Uswidi.

"Cha mwezi huu umekisoma?" aliuliza Vibeke.

Sidsel alitikisa kichwa. Vibeke akammiminia kahawa, akamkatia kipande cha pembeni chenye lozi nyingi. Sidsel akashukuru, akakaa kwenye kiti chake, akamsikiliza Jytte akieleza jinsi alivyomhurumia yule mpelelezi, maskini, ambaye mkewe hamwelewi.