Jina la Nne Darajani

Tadhg Hackett alikuwa mtu wa maringo, na sioni kwa nini tumfichie. Alikuwa na miaka themanini na moja, goti moja la chuma, ng'ombe wote ameshawauza, lakini kila Novemba aliposimama kwenye daraja la Glenreagh kusoma majina, ungedhani parokia nzima ya Kilbrack, Ireland, ni shamba lake. Alivua kofia, akakohoa kidogo kuwanyamazisha watoto wa shule, kisha akawataja mmoja mmoja vijana waliowavizia askari wa Mwingereza pale darajani mwaka 1920. Hakuhitaji karatasi. Akifika jina la nne, Matt Hackett, sauti ilishuka na kutulia, maana huyo alikuwa baba yake mzazi. Watu walikuwa wakipangojea hapo. Wengine walikuja kwa ajili ya hapo tu.

Balaa lilianza na mpwa wake.

Dympna Tobin, mtoto wa marehemu dada yake, alistaafu unesi mjini Clonmel, na badala ya kupumzika kama watu wengine akaanza kuwatafuta wafu. Aliwatafuta vijana wa Kilbrack waliokwenda kwenye vita kuu ya kwanza katika jeshi la Mwingereza, wakaharibikiwa afya huko, jeshi likawaachisha na kuwarudisha kwao, nao wakafia vitandani kwa mama zao. Hao hawakuhesabiwa popote. Kwa jeshi walikuwa si askari tena, na kwa majirani walikuwa watu waliovaa nguo ya adui, wakati Ireland nzima inapigana na adui huyo huyo. Wakazikwa kimya kimya, wengi bila jiwe.

Tume inayotunza makaburi ya wanajeshi inakubali kuwarudisha, ila ina masharti yake. Lazima ithibitike kwamba mtu alikufa kabla ya Septemba 1921, na kwamba kilichomuua alikipata vitani. Hapo jina lake linaandikwa na jiwe linaletwa. Dympna alikuwa ameshawapatia mawe vijana kadhaa wa familia za watu. Wa kwao ndiye aliyemtoa jasho: Ned Hackett, kaka yake Matt.

Ned alivuta gesi ya Wajerumani kule Hulluch, Ufaransa, wiki ile ile ya Pasaka ya 1916 ambayo Dublin iliwaka moto kwa uasi dhidi ya Mwingereza. Hivyo ndivyo mama yake Dympna alivyosimuliwa, lakini masimulizi ya jikoni tume haiyataki. Faili lake la jeshi liliungua London katika mabomu ya mwaka 1940, pamoja na ya wenzake wengi. Kilichobaki ni mstari mmoja unaosema aliachishwa kwa ugonjwa, na cheti cha kifo cha Novemba 1920: kibarua, kifua. Tume ikajibu kwa adabu kwamba watu wa kaunti ya Tipperary walikuwa wakifa kwa kifua kila msimu wa baridi, vitani wameenda au hawajaenda. Leteni kinachounganisha gesi na kifo.

"Kuna faili la babu, Mjomba," Dympna alimwambia Tadhg. "Aliomba pensheni ya wapigania uhuru miaka ya thelathini. Walimhoji chini ya kiapo, na maneno yake yapo Dublin. Wewe ni mwanawe, ukisaini watatupa nakala. Huenda alimtaja Ned."

"Lete kalamu," Tadhg akasema. "Hata mara mbili nitasaini. Na utakapofika habari za darajani, unisomee polepole."

Dympna alirudi siku moja ya Oktoba, mvua imemlowesha. Tadhg akamwekea chai na mkate wa magadi wenye siagi ya kutosha. Mpwa wake hakugusa.

"Kula, mwanangu. Umekaa kama mtu aliyekuja kutoa tanzia."

"Faili limekuja."

"Enhe. Wanasemaje juu ya daraja?"

"Babu hakuwepo darajani, Mjomba."

Tadhg akacheka. "Umevaa miwani ya nani wewe? Soma vizuri."

Dympna akasoma vizuri. Ofisa wa pensheni alimwambia Matt kwamba kamanda wake, Looby, ameandika kuthibitisha kuwa alikuwa Glenreagh siku ya shambulizi. Je, alisimama upande gani wa mto? Matt akajibu: "Kamanda ni mtu mwema na ananitakia heri, lakini mimi sikuwepo. Kaka yangu Ned alikuwa anakata roho nyumbani kwa gesi aliyovuta Hulluch akiwa na Mwingereza. Alikuwa hawezi kulala chali, alikuwa kama anazama. Nilimkalisha nikamwegemeza kifuani kwangu, na sikumwachia mtu mwingine mpaka akafa." Ofisa akamuuliza kama anaelewa kwamba bila daraja hana pensheni. Matt akasema, "Naelewa, bwana. Ila nimekula kiapo."

"Funga hiyo karatasi," Tadhg akasema.

Dympna akafunga. Mzee akainuka, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, akarudi kukaa. Uso ulikuwa umemwiva.

"Maisha yangu yote nasimama pale napiga kifua. Mbele ya maaskofu. Mbele ya mawaziri. Na yeye amekaa nyumbani anabembeleza askari wa Mwingereza. Kwa nini hakuniambia?"

"Aliwahi kukwambia alikuwepo?"

Tadhg akahesabu miaka. Mnara wa kumbukumbu pale darajani ulijengwa mwaka 1966, Matt ameshalala kaburini miaka mitano. Kamati ya daraja ndiyo iliyochonga majina. Baba mwenyewe, ukimuuliza habari za Glenreagh, alikuwa anasema tu kwamba ng'ombe hawajakamuliwa.

"Hii ndiyo inayotakiwa na tume," Dympna akasema. "Ina gesi, ina Hulluch, ina alivyokufa. Lakini sitaituma bila neno lako. Ikienda itasomwa na watu, na habari zitafika hapa."

"Usipoituma?"

"Ned anabaki alivyo. Kibarua aliyekufa kwa kifua."

"Nenda nyumbani, Dympna," akasema mzee. Hakumsindikiza hata mlangoni, na hilo halikuwahi kutokea.

Jumapili baada ya misa Tadhg alimfuata Con Looby, mwenyekiti wa kamati ya daraja na mjukuu wa yule kamanda. Con alikuwa mtu wa mwili mkubwa na mdomo usiopumzika. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilimtisha Tadhg.

"Mzee wangu," Con akasema, "tufanye hukuja kwangu. Unataka watu waseme babu yangu aliidanganya serikali kwa maandishi?"

"Alidanganya, Con. Alifanya hivyo ili baba yangu apate pensheni."

"Na baba yako akamkana mbele ya maofisa. Asante yake hiyo. Haya, tuma karatasi zako. Novemba utakuja darajani kama nani? Mtazamaji?"

Hapo alimchoma pabaya. Tadhg aliondoka bila kuaga, goti la chuma linalia, akajikuta anapita geti la makaburi badala ya kwenda kwenye gari.

Kaburi la kina Hackett liko ukutani upande wa kaskazini: jiwe moja la babu na bibi, ambalo baadaye waliongezwa Matt na mkewe, na kando yake kipande cha majani kisicho na chochote. Tadhg alisimama akikitazama. Kila Julai, Jumapili ya kubariki makaburi, kila familia husimama kwa watu wake na padri hupita na maji ya baraka. Matt hakusimama mbele ya jiwe hata siku moja. Alisimama pembeni, kwenye yale majani. Tadhg akiwa mtoto alikanyaga pale ili amwone padri vizuri, baba akamvuta sikio. "Toka hapo," akamwambia. "Hapo pana mtu." Hakusema nani, na mtoto mwenye sikio linalowaka hakuuliza.

Kisha akakumbuka za Novemba. Wenzake Matt walikuwa wakienda baa kulikumbuka daraja, na yeye anasema ana ndama mgonjwa. Ndama kila mwaka huugua siku hiyo hiyo. Baba anarudi kutoka upande wa kanisani magoti ya suruali yamelowa. Tadhg alidhani huo ni unyenyekevu wa shujaa. Aliwahi hata kuwasimulia hivyo watoto wa shule, na machozi yakamlengalenga.

Mjinga mimi, akajiambia. Mzee mzima, mjinga.

Lakini alivyozidi kusimama, hasira ilimwisha na kitu kingine kikampanda. Hebu fikiria. Pensheni ipo mezani, watoto wanangoja viatu, uongo wenyewe ameshauandika mtu mwingine, tena kamanda anayeheshimika. Matt alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa tu. Badala yake akamtaja kaka yake aliyetumikia jeshi la Mwingereza, mbele ya watu ambao hawakutaka kulisikia jina hilo, akatoka mikono mitupu, akaenda kukamua ng'ombe. Na hakulalamika hata siku moja. Tadhg alijiuliza kama yeye angeweza, akaona asingeweza, na moyo wake ukajaa fahari.

Akampigia simu Dympna akiwa hapo hapo makaburini.

"Tuma," akasema. "Ila ngoja ipite siku ya daraja. Watu wasikie kwangu kwanza, wasije wakasikia kwenye kompyuta."

"Mjomba, si lazima usimame mbele ya watu."

"Miaka yote nimesimama kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Kwa hiki changu nikae chini?"

Siku ikafika, na manyunyu yake kama kawaida. Watoto wa shule walipanga mstari na magongo yao ya kuchezea mpira, padri akasali, Con Looby akashika shada la maua akiangalia mto. Hakumsalimia Tadhg. Dympna alisimama nyuma kabisa, amekumbatia mkoba wake kama mtu aliye stendi ya basi.

Tadhg akavua kofia, akakohoa. Akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Sauti ikashuka na kutulia palepale ilipozoea.

"Matt Hackett," akasema, "hakuwepo."

Con Looby akaacha kuangalia mto, na Tadhg akaendelea.

"Baba yangu hakuwahi kusema alikuwepo. Sisi ndio tuliomleta hapa, yeye ameshakufa na hawezi kutukatalia. Siku ile alikuwa nyumbani, amemshika kaka yake Ned, askari wa jeshi la Mwingereza, aliyekuwa akifa kwa gesi ya vita. Miaka kadhaa baadaye kamanda Looby alitaka kumpa heshima ya daraja hili, na alifanya vile kwa mapenzi, mtu asije akamsema vibaya. Baba aliikataa chini ya kiapo, na pensheni ikaenda nayo. Kuna karatasi, mwenye kutaka ataisoma. Mimi nimekuwa mtoto wa shujaa maisha yangu yote, na leo ndiyo mara ya kwanza naijua sababu."

Kisha akasoma jina la tano, la sita, akaendelea mpaka mwisho bila kukosea hata moja, akavaa kofia.

Hakuna aliyepiga makofi, darajani huwa hawapigi. Bibi kizee mmoja akafanya ishara ya msalaba na kusema kwamba nyanya yake naye alikuwa na kaka kama huyo, na kwamba picha yake ilikaa chini ya godoro mpaka ikachakaa. Mwingine akasema kwao pia. Dympna akaanza kutafuta kalamu kwenye mkoba.

Con Looby akamjia Tadhg, amelikumbatia shada lake.

"Umenivua nguo mbele ya parokia," akasema.

"Nimejitahidi kukuachia shati."

Con akatikisa kichwa. "Mwakani nani atasoma?"

"Tafuta mwingine. Mimi si mtoto wa daraja tena."

"Nani mwingine anayajua bila karatasi? Utasoma wewe. Na ukifika la nne, useme yote hayo tena, ila kwa sauti. Kule nyuma hawakusikia vizuri."

Tadhg akamshika Con mkono, na wakatembea pamoja mpaka kwenye magari.

Tume ilichukua miezi yake. Barua ya kukubali ilikuja majira ya kuchipua, na Dympna aliisoma jikoni akilia na kucheka kwa pamoja, huku mjomba wake akimwambia asiilowanishe. Ned Hackett alikuwa askari tena, amekufa kwa vita. Tume ilimuuliza Dympna pia kama familia inapenda kuongeza maneno yake chini ya jiwe, machache. Dympna alifikiria sala, au mstari wa Kiairishi. Tadhg akasema maneno yapo tayari, akamtajia, na Dympna akayaandika bila kubadilisha.

Jiwe likasimikwa kabla ya Jumapili ya kubariki makaburi. Siku hiyo Tadhg hakusimama mbele ya jiwe la wazazi wake. Alisimama pembeni kwenye majani, pale pa baba yake, mgongo umenyooka kama wa kijana. Watu walipita kusoma, Con Looby akiwa mbele yao, akasoma kwa sauti ili na wa nyuma wasikie: jina la Ned, kikosi chake, tarehe ya kufa kwake, ambayo kila mtu Kilbrack aliijua kuwa ni tarehe ya daraja. Halafu akainama asome yale ya chini kabisa, akavua kofia kwanza ndipo akayasoma.

MATT ALIKUWEPO.